Gauni Lililokatwa

Kwenye kiwanda cha magodoro alikofanya kazi, hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wote walimwita Usitupe, na jina hilo alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Alikuwa mshonaji wa makava, na cherehani yake ilikaa karibu na pipa la taka, kwa hiyo kila aliyeinua mkono kutupa kitu alisikia sauti yake ikipenya kelele za mashine: "Usitupe!" Kipande cha sponji, usitupe. Roli ya kadibodi iliyoishiwa kitambaa, usitupe. Zipu iliyong'oka meno? "Wewe, usitupe, huo ni mgongo wa mamba." Msimamizi wao, mtu mnene mwenye maneno mengi, alikuwa akisema kwamba siku yake ya kustaafu atatoka mbio, maana akizubaa mlangoni Usitupe atamgeuza kigoda.

Na vigoda kweli alikuwa navyo. Chumba alichopanga kilijaa kazi za mikono yake. Alijaza mchanga kwenye chupa za plastiki, akazifunga pamoja kwa tepu, akazivisha sponji na kitambaa. Ukikalia hujui umekalia nini mpaka uambiwe. Pazia lake lilikuwa vizibo vya soda vilivyotobolewa na kutungwa kwenye uzi, na kila aliyeingia alitangazwa kwa mlio. Vijiko vilikaa kwenye kopo la maziwa lililozungushiwa kamba ya katani toka chini hadi juu. Watoto wa mtaa hawakuisha mlangoni. Gari la boksi la juisi, kobe wa kitako cha chupa, sungura wa soksi iliyofiwa na mwenzake: aliyekuja mikono mitupu aliondoka na kitu. Yeye mwenyewe hakuwa na mtoto. Alishafika umri ambao shangazi zake waliacha kumuuliza, na huko kuacha kuuliza kulimuuma kuliko yale maswali.

Fundi bomba aliingia katika maisha yake siku bomba la kiwandani lilipopasuka. Alikata vipande vilivyochakaa, akavikusanya, akaelekea kwenye pipa. Alichoambiwa hapo, kila mtu kiwandani angeweza kukitaja. Alisimama akamtazama yule mwanamke aliyemkemea, kisha akampa vipande vyote. Wiki iliyofuata akarudi, hakuitwa na mtu, kakumbatia mabomba yaliyofungwa kwa kamba kama mzigo wa kuni.

"Nimeona yanazagaa tu," alisema, macho chini.

Washonaji walicheka mpaka cherehani zikasimama. Wanaume wengine wanaleta maua, huyu kaleta mabomba! Lakini Usitupe alipoyafungua aliona jambo ambalo wenzake hawakuliona. Kila kipande kilikuwa kimesuguliwa ncha kwa msasa, kikawa laini pande zote, kisije kikamkata mtoto. Hapo ndipo alipoanza kumfikiria.

Fundi alikuwa amefiwa na mkewe. Alikuwa na binti wa miaka saba ambaye alimwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Alizungumza na kuku, na kiatu, na mvua. Hivyo ndivyo fundi alivyomsimulia Usitupe wakati wa uchumba. Usitupe alipohamia kwa mumewe baada ya ndoa, alikuta mtoto mwingine kabisa. Chiriku alimpa shikamoo asubuhi, shikamoo jioni, na katikati ndiyo au hapana. Hakumwita mama, wala mama mdogo, wala shangazi. Akimtaka alikuja akasimama karibu mpaka aonekane.

Nyumba nayo ilikuwa kimya. Ilifagiwa, ikapangwa, lakini ukutani hapakuwa na kitu na mezani hapakuwa na kitu. Usitupe alianza kuijaza polepole, kama mtu anayepasha mwili moto kabla ya kazi. Alitengeneza kibanio cha mifagio kwa bomba. Akatengeneza zulia dogo la mlangoni kwa mifuko ya plastiki aliyoikata nyuzinyuzi na kuisuka. Kwa ajili ya Chiriku alitengeneza tembo wa dumu la sabuni, mpini wake ukawa mkonga. Akafuata twiga, kisha basi lenye abiria wa njiti za kiberiti. Kila mara mtoto alipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akaenda kukiweka kile kitu dirishani. Vilipangwa pale kwa mstari, vikafutwa vumbi kila Jumapili, lakini hakuna kilichochezewa. Dirisha lilikuwa kama duka ambalo mwenyewe kasafiri.

"Mpe muda," alisema fundi.

"Nampa," alijibu Usitupe. "Muda ninao. Ninachotaka ni kusikia hata akinigombeza."

Jirani wa mlango wa pili, Mama Pacha, alikuwa na mabinti wawili mapacha na mdomo wa watu wanne. Alipoona ule mstari dirishani hakuweza kuvumilia. "Na sisi huku hatuna macho? Wanangu wanataka midoli. Na mimi mwenyewe nataka vishikio vya sufuria, mikono imeungua mpaka haina alama za vidole." Usitupe alifurahi. Sponji alikuwa nayo tele. Kilichokosekana kilikuwa kitambaa chenye rangi, maana vitambaa vya makava ya magodoro vyote vilikuwa vya kijivu kama anga la mvua.

Asubuhi moja, mumewe akiwa mlangoni na boksi la vifaa begani, alimuuliza: "Humu ndani hakuna matambara?"

Fundi hakugeuka. "Kuna mfuko chini ya kitanda cha Chiriku. Ni matambara tu," alisema, akatoka.

Mfuko ulikuwa na mashuka yaliyochakaa, taulo lililotoboka, na katikati yake gauni. Lilikuwa la njano, lenye majani ya kahawia, limechanika kwapani, na pindo lake lilikuwa limeungua kwa pasi. Usitupe alilinyoosha mbele ya dirisha. Rangi ilikuwa bado hai. Alifikiri ni bahati iliyoje, akachukua mkasi.

Siku hiyo ilikuwa ya mapumziko na alishona kwa furaha, huku akiimba chinichini. Midoli miwili ya mapacha ilipata vigauni vya njano vyenye rinda. Vishikio viwili vya sufuria vilijazwa taulo. Mchana Mama Pacha alikuja kuchukua, akashangilia mpaka akasikika barabarani. Kipande kilichobaki, kile cha kifuani ambapo majani yalikutana vizuri, Usitupe alikihifadhi kwa ajili ya Chiriku. Mdoli wa Chiriku alikuwa bora kuliko wote aliowahi kutengeneza: nywele za sufu iliyofumuliwa kutoka sweta kuukuu, macho ya vifungo viwili vinavyofanana, mdomo uliotariziwa ukicheka kidogo upande mmoja, kama mtu mwenye siri nzuri.

Chiriku aliingia na begi mgongoni. "Shikamoo."

"Marahaba. Njoo uone nani amekuja kukaa na sisi."

Mtoto alimpokea mdoli kwa mikono miwili. Alifungua mdomo kusema asante, na asante haikutoka. Alimgeuza mdoli, akamsogeza puani, akanusa. Kisha akaingia chumbani mbiombio, na Usitupe akasikia mfuko ukiburutwa sakafuni, na mashuka yakitupwa huku na huku. Halafu kikaja kilio ambacho nyumba ile ilikuwa haijakisikia tangu yeye ahamie.

Alimkuta Chiriku kaketi katikati ya matambara, mdoli kamkumbatia.

"Umemkata mama," alisema mtoto. "Umemkata mama yangu."

Usitupe alipiga magoti kando yake. Alielewa yote mara moja: gauni lilikuwa la nani, kwa nini lilikuwa katikati ya mfuko, na kwa nini lilikuwa chini ya kitanda cha mtoto huyu na si kwingine. Neno moja lilimfika mdomoni, baba yako ndiye aliyenielekeza, akalimeza. Lilikuwa kweli, lakini mkasi ulishikwa na nani?

"Sikujua, mwanangu," alisema. "Nisamehe. Sikujua."

Chiriku alijifunika shuka gubigubi.

Fundi aliporudi jioni, mkewe alimngoja jikoni. Alimwacha afungue bomba anawe mikono, kisha akauliza, "Ule mfuko ulisema una nini?"

Mikono ya fundi ikasimama. Maji yaliendelea kutiririka, na yeye ambaye hawezi kuona bomba likidondosha tone akavumilia, hakuyafunga.

"Gauni," alisema.

"Gauni. Na mimi uliniambia matambara."

"Nilishindwa kulitazama, na nilishindwa kulitoa. Nikalichomeka mle kati. Nikajiambia siku nyingine nitajua la kufanya." Alifuta mikono kwenye shati. "Uliponiuliza nilitaka tu tusilizungumze. Sikudhani utakuta kitu cha maana humo. Hata sijui nilidhani nini."

"Nilikuwa na mkasi mkononi, mume wangu."

"Najua."

"Mtoto alikuwa analijua lilipo. Analinusa."

Hilo fundi hakulijua. Alijishika ukutani. Usitupe, ambaye alikuwa amekusanya hasira mchana kutwa ili aje ampe mwenye nayo, alimwona anavyotetemeka kidevu, hasira ikamtoka. Alifunga bomba. "Nenda kamwambie," alisema. "Mwambie yote. Usimtetee mtu, hata mimi."

Fundi alikwenda akaketi sakafuni nje ya mlango wa chumba cha mtoto. Usitupe, akiwa jikoni, aliisikia sauti yake ikianza kwa kukwama, kama injini ya zamani, kisha ikaenda. Alimtaja marehemu kwa jina. Tangu waoane hakuwahi kulisikia likitoka mdomoni mwake. Baada ya muda mlango ukafunguka kidogo, na fundi akaingia.

Asubuhi, ikiwa Jumamosi, Usitupe aliketi mezani na wembe mdogo wa kufumulia. Mdoli alikuwa ameachwa pale juu ya meza. Nani alimweka, hakuuliza. Alianza mgongoni, akakata uzi mmoja mmoja, akiuvuta taratibu ili kitambaa kisichanike. Alihisi anatazamwa. Chiriku alikuwa kasimama mlangoni.

"Unafanya nini?"

Lilikuwa swali la kwanza kumuuliza tangu wafahamiane. Usitupe hakuinua kichwa, kama mtu aliyetuliwa na ndege begani.

"Nafumua."

"Litarudi?"

Angeweza kusema ndiyo. Alisema, "Halitarudi kama lilivyokuwa. Sitakudanganya. Lakini kila kipande kitarudi nyumbani. Hiki hapa, na vile vya Mama Pacha."

Chiriku alifikiri. "Mapacha hawatakubali. Mimi nawajua." Akaenda dirishani, akabeba tembo na twiga, akaviweka kwenye mfuko wa shule. Akafikiri tena, akaongeza na basi. "Twende," alisema.

Kwa Mama Pacha mambo hayakuwa mepesi. Mama mtu, aliposikia habari, alishika kichwa. "Jamani! Na mimi nimeshikia sufuria la uji! Nimemshikia marehemu wa watu sufuria la uji!" Alileta vishikio, na kweli kimoja kilikuwa na doa jeusi la masizi. Aliomba radhi mara nyingi mpaka Usitupe akambembeleza yeye. Mapacha nao walikumbatia midoli yao wakagoma. Hapo Chiriku aliketi nao sakafuni, akatoa tembo.

"Huyu tembo anakula sabuni," aliwaambia. "Ukimpa chakula kingine anakohoa. Na huyu twiga ni dereva wa hili basi, lakini shingo yake haiingii, kwa hiyo anaendesha akiwa nje."

Aliendelea hivyo, bila kituo: abiria wa basi walikuwa akina nani, nani hakulipa nauli, nani alishuka kukojoa akaachwa. Usitupe na Mama Pacha walisimama mlangoni wakisikiliza. Mapacha walisahau midoli kabisa. Mama Pacha aliivua vile vigauni, akaivisha vitambaa vya leso, na hakuna aliyelia.

Waliporudi walitandaza vipande vyote kitandani, wakivipanga: mkono huu hapa, mgongo huu hapa, pindo kule chini. Chiriku alichukua kishikio kilichofumuliwa, akanusa lile doa.

"Tulifue?" aliuliza Usitupe kwa upole. "Au tukilifua harufu itaondoka?"

Mtoto alitikisa kichwa. "Harufu iliisha zamani," alisema. "Nilikuwa najifanya tu bado ipo."

Usitupe alimvuta, na Chiriku akaja. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani.

Fundi alipoingia aliwakuta wameinama juu ya kitanda. Usitupe aliogopa kwamba atageuka atoke. Hakutoka. Alisogea, akaweka kidole kwenye lile pindo lililoungua. "Hapa," alisema, "mama yako alikuwa anapiga pasi, mimi nikamwambia mbu katua puani kwake. Hapakuwa na mbu. Nilimtania. Alicheka, akasahau pasi." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Alininunia siku mbili. Halafu akalivaa hivyo hivyo, akasema kila atakayemuuliza atamtaja mhusika."

"Alimtaja?" aliuliza Chiriku.

"Kwa kila mtu. Hata kwa mwenye duka."

Chiriku alicheka, kicheko kifupi kilichomshtua mwenyewe. Kisha akataka kisa kingine, na kingine, na baba yake, aliyedhani hana neno, akagundua anayo mengi.

Usitupe alipendekeza kulishona gauni upya kiwandani, kwa mashine nzuri, mishono isionekane sana. Chiriku alikataa. Alitaka kulishona mwenyewe, kwa mkono. Basi shule zikafungwa, na likizo ile ikawa ya sindano. Kila Usitupe alipotoka kazini walikaa kwenye vile vigoda vya chupa za mchanga, gauni mapajani, mmoja akishona na mmoja akitazama. Mishono ya mtoto ilikwenda mchomo mrefu, mchomo mfupi, mingine ikapotea njia kabisa. Vidole vya Usitupe vilimwasha. Alivikalia. Siku mkono wa kushoto uliposhonwa nje ndani hakusema kitu mpaka mwenyewe alipogundua.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja unigombeze."

Chiriku alimkazia macho. "Unapenda kugombezwa?"

"Nikigombezwa na wewe? Sana."

Siku nyingine, uzi ukiwa umejikunja fundo, Chiriku alisema bila kuinua macho, "Mama mdogo, huu umenishinda." Usitupe aliinama chini ya meza akatafuta kitu ambacho hakikupotea, akakaa huko mpaka uso wake ukatulia. Kisha akainuka, akafungua fundo.

Gauni lilipomalizika lilikuwa limepinda bega moja, fupi upande, lina makovu kila mahali, na lile doa la masizi lilififia lakini halikutoka. Hakuna mtu angeweza kulivaa. Fundi aligonga msumari, na likatundikwa kwa hanga kwenye ukuta wa chumba cha Chiriku, peupe. Mwanzoni mtoto alilishika kila alipopita. Baadaye alilishika akikumbuka. Mgeni akiuliza, alieleza habari ya pasi na ya mbu, akamtaja mhusika.

Masika ilipokuja, Chiriku alirudi toka shule akiburuta mwavuli mweusi uliovunjika vyuma vyote, ameuokota mfereji ulipoishia, na alianza kuzungumza kabla hajafika mlangoni. "Mama mdogo! Kitambaa kizima hiki, hakijatoboka hata kidogo, nimekimwagia maji hayapiti, na mwenye nao alikuwa anauacha hivi hivi, mtu mzima na akili zake! Tufanye popo? Au tufanye hema la tembo? Lakini tembo yuko kwa mapacha. Tufanye nini?"

Waliufumua pamoja mezani. Walipima, wakabishana, Chiriku akashinda. Baba yake akapata aproni ya kazi, isiyopitisha maji, yenye mfuko wa spana kifuani na rinda dogo pembeni, ambalo Usitupe alisema halifai kwa mwanamume na Chiriku akasema linafaa sana. Fundi aliivaa asubuhi iliyofuata. Jioni alirudi shati kavu, amechekwa na mafundi wenzake mchana kutwa.

"Wamecheka mpaka wamechoka," alisema. "Halafu wawili wakaniuliza zinapatikana wapi."

Chiriku alikuwa ameshachukua mkasi na chaki. "Waambie walete miavuli," alisema, "na wavumilie, foleni ni ndefu."